Kama ni Uganga Nikuandike

Hapa Gitega mtu mzima akionekana amejifungia chumbani jioni, peke yake, na anafurahi, na hana bia mezani wala mpira kwenye televisheni, majirani huanza kumwazia mabaya. Furaha ina mahali pake panapojulikana: harusi, ubatizo, maulidi, mishikaki ya mbuzi Jumapili, ngoma za Gishora wageni wakubwa wakija. Furaha ya mwanamume aliyeinamia kipande cha plastiki chenye matundu, anachomeka vijiwaya kwa kibanio cha nyusi cha mke wake, haijulikani ni ya wapi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafundisha mito, mipaka na mvua, na kwa miaka mingi nilitamani kitu kimoja tu cha kwangu: meza. Siyo ya kulia, hiyo tunayo na ina watu wake. Nilitaka meza ya elektroniki, mahali pa kukaa nikimaliza kusahihisha madaftari, niunganishe saketi ndogo zisizo na faida kwa mtu yeyote. Hilo la kutokuwa na faida ndilo mtaa mzima umekataa kulimeza.

Wa kwanza kukataa alikuwa seremala.

"Unafungua biashara gani, Mwalimu?"

"Sifungui biashara. Ni meza ya kujifurahisha tu."

Akachomeka penseli nyuma ya sikio, akanitazama usoni, akatazama viatu vyangu, akapanga bei upya. Meza ya biashara, nilikuja kuelewa, hutengenezwa kwa mbao kavu kwa sababu mwenye biashara atarudi kugomba. Meza ya kujifurahisha hutengenezwa kwa mkaratusi uliokatwa juzi. Ilifika imenyooka. Kiangazi kilipoingia ikaanza kujikunja, na sasa ina umbo la nchi yetu: kilima, bonde, kilima, bonde. Bisibisi ukiiweka popote inateremka yenyewe hadi kona ya kushoto, na kusema kweli hilo nimelipenda, maana kila kilichopotea najua kilipo.

Mahali pa kuiweka palitafutwa kwa mazungumzo marefu. Tuna chumba cha nyuma, makao ya gunia la maharagwe, gunia la mkaa na baiskeli isiyo na mnyororo. "Baba watoto," mke wangu akasema, "chumba chukua, ila mkaa hauhami." Nikamweleza kisayansi kwamba mkaa ni kaboni, kaboni inapitisha umeme, na vumbi lake likitua juu ya saketi linaufungulia umeme njia ambazo hakuna aliyezichora. Nikamkwangulia hata rezista moja aone kwamba chini ya zile rangi mna utando wa kaboni juu ya kijiti cha kauri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Kwa hiyo una gunia zima la rezista humu ndani, na bado unaniomba hela ya kwenda kununua nyingine."

Mkaa uko palepale. Mimi nikimaliza kazi nafunika meza kwa kitenge.

Kuhusu kununua, niliwahi kujaribu. Nilizunguka soko nikiulizia rezista ya kiloomu kumi. Muuzaji wa vifaa vya umeme akaniuliza, "Ya gari gani?" Nikamwambia siyo ya gari. "Ya pikipiki?" Hapana. "Ya pampu ya maji?" Hapana, ni ya kuwashia kitaa kidogo. Akanishauri ninunue tochi. Bei ya tochi ilikuwa nzuri, siwezi kumlaumu. Wenye subira huagiza kwa mtu anayeshuka Bujumbura, apite Buyenzi kwa mafundi wanaofungua kila kitu kilichowahi kuwa na waya. Mimi navuna kwenye maiti: redio kaseti zilizonyamaza, chaja zilizoungua, televisheni za kichogo. Hizi za kichogo, jamani, msiwaachie watoto, maana bomba lake huweza kushika maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na haliangalii kama mtoto ni wa mwalimu.

Tangu Bunge lilipopiga kura Januari 2019 tukawa mji mkuu wa kisiasa, nilitarajia kwamba hata tusipopata mengine, angalau takataka za ofisi zitaongezeka. Matumaini yangu yalitimia kwa kiasi cha kompyuta moja, iliyotupwa nje ya mvua na ndani ya jua. Nilichotaka ni ule mfuko wake wa umeme, kile kisanduku cha bati chenye feni. Kila anayejenga meza ya elektroniki kwa mshahara wa serikali anakijua. Waya wa njano unakupa volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3, na ukiunganisha ule wa kijani na mweusi wowote kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, feni inazunguka na wewe unajiona mhandisi. Kifuniko chake sikifungui. Umeme wetu wa volti 220 ukishanyooshwa humo ndani unafika volti 310 hivi, na unakaa unakungoja.

Shida ilikuja nilipokigusa kwa nje. Nilikuwa peku, sakafu ya saruji, na bati lile likaninong'oneza vidoleni. Halikupiga, lilinyonya kidogo tu. Nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana wa chuo, aguse. Akagusa, akarudi nyuma hadi kwenye gunia la maharagwe, akasema, "Shemeji, hii meza ina jini."

Haina jini. Ndani ya kile kisanduku kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja imeshikana na waya wa moto, nyingine na ule wa nyutro, na zote mbili zimeegemea kwenye bati. Mtengenezaji alitegemea bati hilo litafungwa kwenye ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Nyumba yangu, na nyumba nyingi za mtaa, zina soketi zenye kijiti cha ethi kinachochomoza vizuri kabisa, ila nyuma ya kijiti hakuna kitu, ni pambo. Basi bati linabaki linaning'inia katikati, karibu na nusu ya zile 220. Testa yangu ya njano, hii DT-830 iliyozagaa kwenye masoko kutoka Mombasa hadi Bukavu, ikaonyesha karibu volti 100. Umeme wenyewe ni mdogo mno, chini ya nusu ya miliampia, hauui mtu. Unatosha tu kuvunja ndoa.

Dawa yake inajulikana: chukua fimbo ya chuma, izamishe ardhini, vuta waya hadi kwenye meza. Na fundi anayejiheshimu ataongeza ile swichi inayokata umeme ukivuja. Nikatafuta nondo, nikaipigilia nyuma ya bafu, karibu na migomba, maana hapo udongo una unyevu. Mvua za masika zilipokuwa zinanyesha, bati lilinyamaza kabisa. Nikamwonyesha shemeji, akasema jini amekwenda likizo.

Likizo ikaisha Juni. Kiangazi cha huku kikishika, udongo wetu mwekundu unakauka mpaka unapasuka, na udongo mkavu haupokei umeme. Wenye vitabu wanasema umwagilie maji, na ukitia chumvi kidogo ni bora zaidi, ingawa chumvi itakila chuma chenyewe taratibu. Kwa hiyo kila jioni, nikitoka shule, nilichukua kopo, nikakoroga chumvi, nikaenda kuinama nyuma ya bafu na kumwagia nondo maji huku nikisoma namba za testa kwa sauti ya chini.

Mtaa wetu una kuta fupi.

Ongezea hapo moshi. Lehemu ninayotumia ni ile ya bati na risasi, sitini kwa arobaini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190. Ulaya waliipiga marufuku kwenye vifaa vya nyumbani tangu Julai 2006 kwa ajili ya ile risasi, na mimi nanawa mikono kabla ya kula kwa sababu hiyohiyo. Ile mpya isiyo na risasi inadai nyuzi 217 na zaidi, na chuma changu cha kulehemu hakina nguvu za kubishana. Ndani ya waya wa lehemu kuna utomvu wa msonobari, wa kusafishia shaba, na chuma kikiugusa unatoa moshi mweupe wenye harufu nzuri. Bibi mmoja wa jirani alipita dirishani, akasimama, akavuta pumzi, akauliza maulidi ni ya nani.

Basi jumlisha. Mwanamume anajifungia, anafukiza, anamwagilia chuma maji ya chumvi jua likizama, na ananong'ona namba. Nyumbakumi alikuja Jumamosi, akitoka kwenye kazi za jumuiya, jembe bado begani.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro, mzee. Karibu, ukae."

Akakaa. Akaomba maji, akanywa, akarudisha kikombe.

"Watu wanasema unamwagilia chuma."

"Ni kweli, mzee."

"Maji ya chumvi."

"Ni kweli."

"Jioni."

"Mchana niko shuleni."

"Na ubani."

"Siyo ubani, ni utomvu wa msonobari."

"Utomvu," akasema, na nikaona hilo limeharibu zaidi. "Na mwanao amewaambia wenzake kwamba chumbani kuna kitaa chekundu kinachokonyeza chenyewe."

Nikampeleka akione. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kwenye ile meza na bado naionea fahari: kitaa chekundu, kapasita moja, rezista mbili na ile chipu ya 555. Nikamweleza kwamba aliyeibuni ni Mswisi mmoja, Hans Camenzind, mwaka 1971, huko California. Aliacha kazi kwenye kampuni ya Signetics, akakodi kachumba kati ya mikahawa miwili ya Wachina, akaichora humo, na kampuni ikaanza kuiuza mwaka 1972. Ndani ya kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba kuna transista zipatazo 25. Sikuongeza wazo langu, kwamba bwana Camenzind aliweza kumaliza kwa sababu katika hiyo mikahawa miwili hakuna aliyetoka kumletea pasi.

Mzee akakitazama kitaa kwa muda.

"Kinafanya nini?"

"Kinawaka na kuzimika."

"Halafu?"

"Halafu kinawaka tena."

"Umeme wa mtaa mzima unafanya hivyo, Mwalimu, na hauhitaji meza."

Nilikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mabwawa nayajua kwa majina. Rwegura kule Kayanza, megawati 18, tangu 1986. Mubuga hapahapa Gitega, paneli za jua za megawati 7.5, zimewashwa 2021, ambazo zinakamata jua mchana wakati mimi nafundisha, na usiku ninapokaa mezani zimelala. Rusumo, megawati 80, tunazogawana na Rwanda na Tanzania, na hesabu ya kugawa kwa tatu kila mtoto anaiweza. Ningeweza kumweleza ni kwa nini kiangazi mito ikipungua nalazimika kupashia chuma cha kulehemu kwenye mbabula, wanavyofanya mafundi bati wa sokoni tangu zamani, huku mke wangu akiuliza sufuria ya maharagwe aiweke wapi. Lakini mzee alikuwa ameshatoa daftari.

"Mimi sina neno na mtu," akasema. "Kama ni uganga, nikuandike, watu wajue. Kama ni ufundi, nina redio."

"Siyo uganga wala ufundi, mzee. Ni starehe tu."

Akalifungua daftari, akanionyesha. Hakukuwa na mahali pa starehe.

Nikasema ni ufundi. Siku hiyohiyo kabla ya magharibi redio yake ilikuwa juu ya meza yangu, ikiteremka polepole kuelekea kona ya kushoto.

Tangu hapo sijaunganisha saketi hata moja ya kwangu. Zimekuja chaja, feni, mashine za kunyolea za vinyozi wawili wasiosalimiana, jiko la umeme lenye wali uliogandia humo tangu enzi za nyuma, na kengele ya mlango ya mtu ambaye hana mlango wa mbele. Kila mmoja akiingia anaisifu meza. Nikitaja malipo, hata ya lehemu tu, uso unabadilika kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mwalimu, si ulisema ni starehe yako?" Watu ambao hawakuniamini niliposema ni starehe, wote, bila kukosa hata mmoja, wanaliamini hilo mkono unapokaribia mfuko. Nimewahi kumuuliza mmoja kama mpira wa Jumapili anaucheza kwa starehe. Akasema ndiyo. Nikamwomba basi aje anilimie shamba kwa starehe hiyohiyo. Alinisikitikia.

Habari zikapanda gari zikapita Karuzi zikafika Muyinga, kwa mama mkwe. Sasa, jirani unaweza kumwambia umeme hakuna. Mama mkwe humkatalii. Redio yake ilifika kwenye Probox, imefungwa kitenge, juu yake maparachichi, na ujumbe kwamba hana haraka, ila asubuhi hasikii matangazo ya vifo.

Plagi yake ilikuwa na pini tatu bapa. Aliinunua Kabanga, ng'ambo ya Kobero, na Watanzania wanatumia plagi za Kiingereza, zile nene zenye fyuzi ndani, kiwango chao ni cha mwaka 1947. Sisi soketi zetu ni za matundu mawili ya duara, tumerithishwa na Wabelgiji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakubwa hao wawili waligawana eneo hili, Waingereza Tanganyika, Wabelgiji Ruanda-Urundi. Wa kwanza waliondoka 1961, wa pili 1962, na mpaka leo plagi zao zinagombania redio ya mama mkwe wangu. Mwaka huu nimeipeleka plagi hiyo darasani. Ni somo pekee la mipaka ambalo wanafunzi hawakusinzia, ingawa mmoja alikaa nyuma baada ya kengele na kuniuliza kwa unyenyekevu kama natengeneza pia simu.

Ugonjwa wa redio yenyewe ulikuwa mawe yaliyovuja yakala chemchemi za kushikia. Nikapiga msasa, nikabana waya, ikaimba. Kazi ya kunywa chai moja. Sikuirudisha upesi. Mama mkwe akipata redio siku ya pili atajua ni kitu chepesi, na kwa ukoo ule, kuna friji.

Mke wangu ndiye aliyeona mwisho wa mambo haya. Hakupenda vile watu wanavyoingia wanapitia jikoni kwake wanaonja. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta benchi nje ya chumba cha nyuma, na yeye ameketi na daftari la mistari, lile la watoto. Ameligawa vizuri: jina, kifaa, ugonjwa, faranga. Nusu kabla, nusu baada. Anayesema "lakini ni starehe yake" anajibiwa, "Yake ndiyo. Yangu siyo." Hela za wiki ya kwanza zilinunua umeme wa mwezi, na nyama. Mimi nimeruhusiwa kutumia meza kuanzia saa nne usiku, kama umeme upo, na kwa masharti kwamba nisisogeze vifaa vya wateja. Gunia la mkaa, kwa taarifa yenu, limehama. Limepisha benchi la pili.

Jana nilipata nafasi ya kulipitia daftari. Kuna mzee wa Bugendana aliyewahi kunijia mwanzoni mwanzoni, kabla habari za ufundi hazijamfikia. Alikuwa amepotelewa na mbuzi. Alisimama mbele ya kitaa changu, akavua kofia, akaniuliza kinapokonyeza kinaelekea upande gani. Nilimweleza kwa upole kwamba kinaelekea darini, nikamsindikiza hadi barabarani, nikadhani yameisha. Kumbe amerudi nikiwa shuleni, na mke wangu amempokea. Yumo ukurasa wa tatu, kwa mwandiko mzuri. Kifaa: mbuzi. Ugonjwa: amepotea. Faranga 5,000, nusu imelipwa. Aje Alhamisi.